Katiba ya muda au katiba ya mpito?

Swali: Katika habari za nchi zinazojijenga upya baada ya udikteta na vita nakutana na "katiba ya muda" na "katiba ya mpito", pengine katika aya moja. Je, ni kitu kimoja?

Jibu: Si kitu kimoja. Kila katiba ya mpito ni ya muda, lakini si kila ya muda ni ya mpito, na hapo ndipo waandishi wengi hujisahau.

"Ya muda" yatuambia tu kwamba katiba hiyo si ya kudumu. Kitakachofuata hakitajwi. "Mpito", nomino iliyotokana na kitenzi pita, inadai pande mbili: unakotoka na unakokwenda. Mwandishi wa "katiba ya mpito" awe tayari kuulizwa: mpito kuelekea wapi?

Afrika Kusini jibu lilikuwepo. Katiba ya mwaka 1993, iliyoanza kutumika tarehe 27 Aprili 1994, yenyewe ilieleza nani atunge katiba ya kudumu, amalize ndani ya miaka miwili, na afuate kanuni 34 zilizokwisha kukubaliwa. Kanuni hizo hazikuwa pambo. Septemba 1996 Mahakama ya Katiba ilikataa kuithibitisha katiba mpya kwa kuwa baadhi ya vifungu vilizikiuka. Watungaji wakarudi mezani, na Desemba ikathibitishwa. Hiyo ndiyo katiba ya mpito hasa.

Somalia mambo ni mengine. Dikteta Siad Barre aliangushwa mwaka 1991, vita vikafuata, na tarehe 1 Agosti 2012 katiba ikapitishwa Mogadishu. Haikukusudiwa kuipisha nyingine. Hiyo hiyo ilitakiwa kupitiwa upya, irekebishwe, kisha wananchi waipigie kura ya maoni. Mimi ningeiita katiba ya muda.

Wala neno "muda" lisikufanye udhani ni siku chache: Katiba ya Muda ya Tanzania ya mwaka 1965 ilitumika mpaka 1977.

Wapo pia wanaoandika "katiba ya muda ya mpito", labda kwa kuogopa kuchagua. Ukishasema "ya mpito" umeshasema haitadumu. Futa "ya muda".