Majivu ya pumba na nyufa za zege
Kaka, umeuliza kama zege lenye majivu ya pumba za mpunga hujiziba nyufa lenyewe. Hujiziba, ila zile nyembamba kama unywele tu. Silika, yaani madini yaliyomo kwenye majivu hayo, hukutana polepole na chokaa inayobaki saruji ikishaganda. Maji yakipenya, hutengeneza gundi ileile inayoshikilia zege. Ufa unaoingiza kucha, sahau.

Na usizoe majivu yoyote kwenye tanuri la matofali! Meusi tii bado yana kaboni, yatafyonza maji yako yote. Yachomwe chini ya nyuzijoto 700 hivi, yasagwe laini kama saruji, kisha yachukue nafasi ya asilimia 10 ya saruji kwa kuanzia. Halafu mwagilia zege angalau siku 7, maana hapo ndipo mafundi wetu wengi huzembea.