Jibu: Semina Kisumu, kisha kisiwani na watoto

Habari ndugu. Umeuliza, semina ikiisha Ijumaa mchana Kisumu, uwapeleke mama na watoto kisiwa gani bila kuwachosha. Mimi nilichagua Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria. Kwanza kabisa ulizia saa ya feri ya mwisho kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita. Sisi tuliikosa, tukalala ng'ambo hii na watoto wanalia njaa, iliniuma sana. Feri hubeba gari, na Mbita hadi Rusinga ni daraja tu. Wapeleke kwenye kaburi la Tom Mboya, yule mwanasiasa wa Kenya, wangu waliuliza maswali njia nzima. Kisiwa cha pili, Mfangano, ni kwa boti: mtoto asipande bila jaketi la kuokoa maisha. Kuogelea ziwani wakataze, kichocho kipo.