Kabla hujaikropu picha, angalia kwanza unachokata

Mimi nasafisha picha hapa Tanga, Ngamiani, zaidi ya miaka 10 sasa, na swali naloulizwa karibu kila siku ni hili, "hii tuikropu au tuiache hivihivi?" Zamani nilikuwa simuulizi mtu, nakata mwenyewe, naona mteja hajui picha, kazi yake alipe achukue aondoke. Kilichonibadilisha ni picha ya mama na shangazi.

Hawa mawifi walikaa karibu mwaka mzima hawasemezani, sababu siisemi hapa ni mambo ya nyumbani, halafu ikaja harusi ya mdogo wangu wakapatana, na wakaamua siku hiyo wavae sare, doti moja ya kanga kila mtu, jina lake "Yaliyopita si ndwele". Waliizunguka mitaa ya maduka siku mbili wakiitafuta kanga yenye jina hilohilo na rangi wanayoitaka. Kwenye picha wakageuka upande makusudi ili jina lisomeke, nikawapiga wima, utosi mpaka kandambili, picha safi kabisa.

Sasa shangazi alikuwa na fremu yake nyumbani, saizi 8 kwa 10, kioo kizima, akanambia nisafishie ya kuingia humu. Hapo ndo pa kuelewa hesabu. Kamera yangu inatoa picha ya 3 kwa 2, yaani ukitaka upana wa inchi 8 urefu wake unakuja 12. Fremu inachukua 10. Inchi 2 lazima ziende. Juu kuna vichwa na vilemba huwezi kugusa, nikatoa zote chini, nikaona ni miguu tu bwana, nani anaangalia miguu. Kisu kikapita katikati ya jina. Zikabaki nusu za herufi, husomi kitu.

Shangazi aliishika ile picha akaitazama muda mrefu, akaniuliza kwa upole tu, "mwanangu, jina liko wapi?" Yaani mpaka leo naisikia sauti yake. Kwake yeye picha ilikuwa ni lile jina, sura zao anaziona kila siku kwenye kioo.

Niliisafisha upya 8 kwa 12, nikaenda kwa fundi seremala akatengeneza fremu ya kufuata picha. Na kama hutaki gharama ya fremu mpya kuna njia nyingine, ile 8 kwa 10 unaweza kuiweka picha nzima ndani yake bila kukata chochote, itakuwa na urefu wa 10 na upana wa kama 6 na nusu na ushee, pembeni unaacha nyeupe, wala haiwi mbaya, wengine wanaipenda hivyo zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia "haiingii mpaka tukate" usikubali haraka. Picha za simu nyingi ni 4 kwa 3, zenyewe zinaikaribia zaidi 8 kwa 10 ila zikienda kwenye 4 kwa 6 ndo zinaliwa, iliyolala inaliwa juu na chini, iliyosimama inaliwa pembeni.

Sisemi usikate. Kuna picha bila kukatwa haijakaa sawa. Nina moja ya mvuvi nimempiga pale Deep Sea, wanaposhukia wavuvi hapa Tanga, asubuhi wakati ngalawa zinarudi, kabeba samaki begani, uso umejaa mwanga, halafu ukingoni kulia kuna nusu ya ndoo ya bluu na kiwiko cha mtu mwingine, jicho likienda linakimbilia kwenye ndoo. Nilikata ile ndoo na picha ikatulia. Lakini upande wa kushoto alikokuwa anaangalia niliacha nafasi, mtu akiangalia upande fulani mwachie hewa upande huo, na chombo kinachoenda kiachie maji mbele yake, ukikibana kinaonekana kimegonga ukuta. Na ukikata mwili wa mtu usikate kwenye kiungo, yaani kwenye goti au kifundo cha mguu au cha mkono, inaonekana kama amekatwa kweli, kata katikati ya paja au kiunoni.

Wapo wanaosema mpigapicha wa kweli hakati kabisa, na huwa wanamtaja Henri Cartier-Bresson, yule Mfaransa, ni kweli alikuwa hataki picha zake zikatwe. Ila ile picha yake maarufu ya 1932, ya mtu anayeruka dimbwi la maji nyuma ya stesheni ya treni Paris, aliipigia kwenye uwazi wa uzio, upande mmoja ukaingia uzio, ikabidi akate. Alikuwa na sababu anaweza kuionesha kwa kidole. Na wewe ukiwa nayo ya namna hiyo kata. Sababu ya "fremu niliyonunua ni ndogo" hiyo mimi siihesabu.

Kitu kingine ni ukubwa. Simu ya megapikseli 12 inakupa kama pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 4000 kwa 3000, na tukisafisha vizuri tunataka pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha nzima inafika kama inchi 13 kwa 10. Ukikropu ukabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, hujabaki na nusu ya picha, umebaki na robo, pikseli 2000 kwa 1500, hiyo ni kama 5 kwa 7 haifiki vizuri. Halafu mtu anataka ya ukutani. Na kama ilikuja WhatsApp kama picha ya kawaida basi ilishabanwa kabla hata hujaigusa, mwambie aliyeipiga aitume kama dokyumenti.

Mashine nayo inakula milimita kadhaa pembeni ukisafisha bila ukingo mweupe, na mdomo wa fremu unakula tena, usikate mpaka ukucha.

Kama huna uhakika, safisha kwanza ndogo ya 4 kwa 6 nzima, chukua boksi kata vipande viwili vya umbo la L, viweke juu ya picha uvisogeze, uone kipi kinatoka na kipi kinabaki. Ilaze mezani mpaka kesho. Halafu muoneshe atakayeitundika, maana wewe uliyeipiga unaona mwanga na mistari, yeye anaona kanga, anaona mlango wa nyumba iliyobomolewa. Picha za zamani za karatasi ndo kabisa, usikate ule ukingo mweupe wala muhuri wa studio nyuma, skani vyote.

Sasa hivi mteja akifika nauliza kwanza, fremu umeshanunua au bado? Akisema bado, namwambia asinunue, tuanze na picha.