Maswali ya Wasomaji: Je, Samatta Alichelewa Lubumbashi?

Swali: Mhariri, kila ninapokutana na wenzangu hubishana kuhusu Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania. Wao hushikilia kwamba alipoteza miaka yake bora TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi nchini Kongo, na kwamba angekwenda Ulaya moja kwa moja kutoka Simba angefika mbali zaidi. Mimi siamini hivyo, lakini hoja zangu ni chache. Naomba unisaidie. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, mimi niko upande wako, nami nitalijibu swali hili kwa urefu kwa kuwa nimelisikia mara nyingi na naona linamdhulumu mchezaji huyu.

Samatta alizaliwa Desemba 1992, akapitia African Lyon na kisha Simba, na Mazembe ikamchukua mwaka 2011 baada ya kumwona kwa macho yake, kwa sababu timu hizo mbili zilikuwa zimekutana katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Alikuwa na miaka 18. Wanaosema alichelewa husahau alikuwa akienda klabu ya namna gani: miezi michache tu kabla ya hapo, Desemba 2010, Mazembe ilikuwa imecheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan, jambo ambalo hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imelifanya kabla yake. Kijana wa umri huo angekwenda Ulaya, aghalabu angewekwa katika kikosi cha akiba au kupelekwa kwa mkopo daraja la chini, katika nchi ambayo hajui lugha yake na hana mtu wa kumsemea. Lubumbashi alipata nafasi ya kugombea namba na wachezaji waliokwisha kuwa mabingwa wa bara, akasafiri kila pembe ya Afrika, akazoea viwanja vya ugenini ambako mashabiki hawana huruma.

Matunda yalionekana mwaka 2015. Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga USM Alger mabao 2-1 kule Algiers na 2-0 nyumbani, na Samatta akamaliza miongoni mwa vinara wa mabao wa mashindano hayo akiwa na mabao 7. Januari 2016, mjini Abuja, alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akimtangulia Robert Kidiaba, kipa wa timu yake mwenyewe. Mwezi huo huo Genk ya Ubelgiji ikamsajili. Hakwenda kufanya majaribio. Alikwenda akiwa bingwa wa Afrika mwenye miaka 23, na tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa mno, kwa kuwa klabu iliyolipa fedha kwa mchezaji aliyekamilika humpanga, ilhali anayejaribiwa husubiri.

Genk nako hakusita. Agosti 2018 alifunga mabao 3 katika mchezo mmoja dhidi ya Brøndby katika mchujo wa kuingia Ligi ya Europa, na msimu huo wa 2018/19 ukaisha Genk wakiwa mabingwa wa Ubelgiji naye akiwa na Kiatu cha Ebony, tuzo anayopewa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi hiyo. Novemba 2019 alifunga kwa kichwa uwanjani Anfield dhidi ya Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Waulize wenzako ni mchezaji gani mwingine wa Tanzania aliyeyafanya hayo kwa njia ya mkato.

Swali: Kama Samatta alikuwa mzuri kiasi hicho, mbona Aston Villa ya Uingereza ilimwacha baada ya miezi michache? Je, tukubali tu kwamba alishindwa Uingereza? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Ndugu msomaji, takwimu zinaonyesha mechi 14 za ligi na bao 1, nami sitazificha. Hata hivyo ni lazima tutazame aliingia wakati gani. Villa ilimhitaji Januari 2020 kwa dharura, kwa sababu mshambuliaji wake Wesley alikuwa ameumia goti siku ya Mwaka Mpya, na timu yenyewe ilikuwa ikipigania kutoshuka daraja, ikishambuliwa zaidi kuliko kushambulia. Samatta ni mshambuliaji wa ndani ya boksi, anayeishi kwa krosi na pasi za mwisho, na katika timu iliyorudi nyuma mipira hiyo haikumfikia.

Pamoja na hayo alifunga katika mchezo wake wa kwanza wa ligi dhidi ya Bournemouth, na Machi 1 alifunga kwa kichwa pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, ambayo Manchester City walishinda 2-1. Kisha ligi ikasimama kwa sababu ya korona hadi Juni. Villa ilinusurika siku ya mwisho kwa tofauti ya pointi 1, ikamnunua Ollie Watkins, na Samatta akaelekea Fenerbahçe ya Uturuki. Mimi naona neno sahihi ni kwamba hakupata timu iliyomfaa. Huko mbele alicheza Antwerp na Genk kwa mkopo, akahamia PAOK na kuwa bingwa wa Ugiriki mwaka 2024.

Swali: Mimi ni kocha wa timu ya vijana wa miaka 13 hadi 16. Mchezaji akiuzwa Ulaya, je, timu iliyomlea hupata chochote? (Msomaji, Temeke)

Jibu: Ndiyo, Kocha, kwa sharti la kumbukumbu. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 huhesabiwa asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kuanzia miaka 16 asilimia 0.5. Kwa ada ya euro milioni 10, msimu mmoja wa kijana wa miaka 14 ni euro 25,000. Tena haki hiyo haiishi kwa uhamisho wa kwanza. Hudaiwa kila anapouzwa tena, hata akiwa na miaka 30.

Kinachozinyima timu nyingi fedha hizi ni kwamba kijana alicheza kwao miaka minne bila kusajiliwa, hivyo jina la timu halimo katika pasipoti yake ya mchezaji, yaani orodha ya timu alizosajiliwa, ambayo huandaliwa kutokana na usajili uliopo kwa shirikisho. Daftari lako la mahudhurio halitatosha. Hakikisha timu yako ni mwanachama wa chama cha soka cha wilaya, kila kijana asajiliwe kwa jina lililo katika cheti chake cha kuzaliwa, na nakala ya fomu ya kila msimu ibaki mikononi mwako.