Ndege za kujitolea kutafuta waliopotea

SWALI: Salaam aleikum mhariri, mimi ni kijana wa Lamu, kusi iliyopita mashua ya ami yangu ilipotea siku mbili tukaitafuta na maboti tu mpaka ikaonekana upande wa Kiwayu, sasa binamu yangu alioko Marekani aniambia kule kila jimbo lina raia wa kujitolea wanaorusha ndege kutafuta watu, ni kweli? Na hata watoto waingia?
Msomaji, Shela

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, poleni sana, siku mbili za kungoja mtu baharini si mchezo.

Ni kweli kabisa. Waitwa Civil Air Patrol, ilianza Desemba 1, 1941, na wakati wa vita raia hao walikuwa wapiga doria pwani wakitafuta nyambizi za Wajerumani, halafu 1948 wakafanywa wasaidizi rasmi wa jeshi la anga. Kila jimbo lina kikosi chake, ongeza Puerto Rico na mji mkuu Washington D.C., jumla 52. Warusha vindege vidogo vya Cessna, watafuta ndege zilizoanguka na watu waliopotea, wapiga picha za mafuriko. Vijana waingia kuanzia miaka 12, na mimi hilo ndilo lanigusa zaidi, manake mtoto apandishwa ndege kweli, si kuchorewa ubaoni.

Lakini hata rubani ahitaji pa kuanzia, kwa hivyo mwambie ami kabla hajatweka aache habari BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, aenda wapi na arudi saa ngapi.