Kiambaza cha roshani melini: kwa nini hakiwi cha plastiki, na kwa nini anayekifungua ni wewe

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni kijana wa Tanga, nimeanza kazi ya kuhudumia vyumba kwenye meli ya kitalii huko nje. Vyumba vya upande wangu vyote vina roshani, na kati ya roshani moja na ya pili kuna kiambaza cha alumini chenye kitasa. Familia zilizochukua vyumba viwili huniomba nikifungue ili watoto wapite. Wengine huuliza kwa nini kisiwekwe cha plastiki ang'avu waone bahari vizuri. Msimamizi wangu hujibu tu kwamba ni sheria ya moto. Sheria yenyewe inasemaje? Na kama ni ya moto kweli, mbona viti vya hapo hapo nje vimesukwa kwa plastiki? Tena wageni wakianika taulo na kutundika taa za mapambo, mimi nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amesema kweli, lakini jibu fupi namna hiyo halikusaidii mgeni anapokubana kwa maswali. Mgeni anakiona kiambaza kile kama pazia la faragha. Kwa sisi tunaokagua meli, ni sehemu ya kinga ya moto, sawa na mlango wa moto wa kwenye ujia. Nacho kimepewa kazi mbili: kisiungue, na kifunguke mara moja mzimamoto anapotaka kupita. Ukizishika hizo mbili, maswali yako yote yanajijibu.

Kwanza ujue sheria ilitoka wapi. Kwa miaka mingi SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha ya watu baharini, uliikagua meli ya abiria kwa ndani tu. Ndani ilikuwa imefungwa barabara: meli inakatwa kwa kuta kuu za chuma zilizokingwa joto, kutoka chini hadi juu, na kila kipande hakizidi mita 40 hivi kwa urefu. Moto ukizuka kwenye kipande kimoja unatakiwa ufie humo. Roshani ya chumba ilikuwa nje ya hesabu hiyo. Ilichukuliwa kuwa uwazi, upepo unapita, hapana cha kuungua. Wakati huo huo wajenzi walikuwa wakizidisha roshani mwaka hadi mwaka, kwa sababu chumba chenye roshani kinauzwa ghali zaidi. Simama Kilindini au Malindi ya Unguja siku meli kubwa ya kitalii inapoingia, utazame ubavu wake: karibu wote ni roshani, safu juu ya safu.

Alfajiri ya 23 Machi 2006, kama saa tisa usiku, pengo hilo lilionekana. Meli ya Star Princess ilikuwa njiani kutoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaika, ikiwa na abiria zaidi ya 2,600 na mabaharia zaidi ya 1,100. Moto ulianzia kwenye roshani moja ya sitaha ya 10, upande wa kushoto. Wachunguzi wa ajali za majini wa Uingereza, MAIB, waliona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni kipisi cha sigara kilichotupwa bila kuzimwa, kikafukuta hadi kikawasha vilivyokuwa karibu. Na vya kuwasha vilikuwapo. Viambaza vilikuwa vya polikaboneti, ile plastiki ngumu ang'avu wanayoitaka wageni wako. Vigae vya sakafu vilikuwa vya poliurethani. Viti na meza vilikuwa vya plastiki. Upepo mkali ulikuwa ukipita ubavuni.

Ndani ya dakika chache moto ulikuwa umefika sitaha ya 11 na ya 12. Haukupita muda ukawa umeenea kwenye kanda tatu za moto, yaani vile vipande vya meli vinavyotengwa na kuta kuu. Zile kuta kuu za ndani zilikuwa imara vile vile, lakini moto haukuzigusa: ulizizunguka kwa nje, kutoka kiambaza hadi kiambaza. Vyumba 79 viliharibika kiasi cha kutofaa tena, na vingine 218 vikapata madhara ya moto, moshi au maji. Abiria mmoja alifariki kwa kuvuta moshi na wengine 13 wakatibiwa kwa sababu ya moshi huo huo.

Sikiliza hapo kwenye moshi, maana ndipo penye uzito. Polikaboneti haishiki moto kirahisi kwa kiberiti. Ukiijaribu kwa mwali mdogo mezani huenda ukazima wenyewe, na ndiyo maana watu wengi waliiamini. Lakini ikipata joto kubwa la kutosha inalainika, inadondoka, na inatoa moshi mweusi mzito kupita kiasi. Moshi huo ndio ulioingia vyumbani na kwenye ujia na kuwatatiza watu waliokuwa wakitoka usingizini. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna plastiki "isiyoshika moto haraka", mwulize: ikishapata joto inafanya nini?

Kilichookoa meli ile ni vitu viwili. Vyumba vyenyewe vilikuwa na samani na vitambaa vichache vya kuungua, kama sheria ya ndani ilivyotaka. Na vioo vya milango ya roshani vilipopasuka kwa joto, mitambo ya kunyunyiza maji ndani ya vyumba ilifunguka na kuuzuia moto usizame ndani. Mimi kila nikikumbuka hilo naona jinsi tulivyokuwa karibu na msiba mkubwa kuliko ule.

Sheria haikukawia. Desemba 2006 Shirika la Bahari Duniani, IMO, lilipitisha marekebisho ya SOLAS, sura ya II-2, nayo yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 2008. Roshani ya chumba ikapewa tafsiri yake: sehemu ya sitaha iliyo wazi, ya matumizi ya wakazi wa chumba kimoja peke yao, inayofikiwa moja kwa moja kutoka chumbani humo. Kisha ikasemwa kwamba viambaza vinavyotenganisha roshani, pamoja na dari na vifuniko vyake, viwe vya vitu visivyoungua. Hapa meli kongwe hazikusamehewa. Zilizojengwa kabla ya tarehe hiyo nazo zilitakiwa kutimiza sharti hilo kufikia ukaguzi wa kwanza baada yake.

"Kisichoungua" kwa kipimo cha SOLAS ni kitu ambacho kikipashwa joto la kama nyuzi 750 za Selsiasi hakiwaki, wala hakitoi mvuke wa kutosha kuwaka wenyewe. Chuma cha pua, alumini na kioo vinapita bila hata kupelekwa maabara. Plastiki, hata iwe nene namna gani, haipiti. Kwa hiyo mgeni anayetaka kuona bahari mwambie kwamba kioo kinaruhusiwa, na ziko meli zenye viambaza vya kioo. Kampuni yako imechagua alumini kwa sababu zake, pengine uzito, pengine faragha. Ila plastiki ang'avu haitarudi.

Alumini nayo inayeyuka, kwa nyuzi 660 hivi. Usishangae. Kiambaza cha roshani hakikuwekwa kuuzuia moto kwa saa nzima kama ukuta mkuu. Kimetakiwa tu kisiwe kuni.

Sasa kitasa. Katika moto ule wa 2006 mabaharia walipata shida kuufikia moto, kwa sababu roshani zilikuwa zimekatwa vipande vipande na kila kipande kina mlango wake kutoka chumba chake. Ilichukua kama saa moja na nusu tangu moto uanze hadi uzimwe. Ndiyo maana meli zilizojengwa kuanzia 1 Julai 2008 zinatakiwa ziwe na viambaza ambavyo mabaharia wanaweza kuvifungua kutoka pande zote mbili, kwa ajili ya kuzima moto. Maneno "pande zote mbili" yashike sana. Timu ya zimamoto inaweza kuja na mpira wa maji kutoka mbele au kutoka nyuma, kutegemea upepo, na haina muda wa kuzunguka.

Kufungulia familia, basi, hakukatazwi na SOLAS. Ni kampuni inayoamua, na kampuni nyingi huruhusu. Unapofungua, kisukume hadi mwisho na ukifunge kwenye ndoano yake, kwa maana meli ikilala upande kidogo au upepo ukibadilika, kile kibao kinarudi kwa nguvu na kinaweza kumvunja mtoto vidole. Usimwachie mgeni ufunguo au kifaa cha kufungulia. Na safari ikiisha, kifunge mwenyewe ukiwa umekijaribu upande huu na upande ule.

Hapo kwenye kujaribu ndipo wewe una nafasi kuliko mkaguzi. Mimi nakuja mara moja, wewe uko pale kila siku. Tazama bawaba na kitasa kwa karibu. Skrubu za chuma cha pua zikikaa ndani ya alumini penye maji ya chumvi, alumini inaliwa pembeni mwa skrubu. Utaona unga mweupe, rangi imefura kama lengelenge, na ukigusa inabanduka. Bawaba ya namna hiyo inaonekana nzima mpaka siku ya kuivuta. Angalia pia rangi. Wapakaji hupita na brashi juu ya kila kitu, na nimekuta vitasa vilivyozibwa na rangi hadi tundu halionekani. Kiambaza hicho kwa sheria ni kibovu, hata kama kinang'aa.

Kuhusu viti, umeuliza vizuri. Sheria ya samani za roshani ni tofauti na ya viambaza. Kwa kiti, meza au kitanda cha jua kisichofungwa sakafuni, kinachotakiwa kiwe cha kitu kisichoungua ni kiunzi chake. Ukigeuza kiti chako utaona mirija ya alumini au chuma chini ya ule msuko. Kama kina mto, mto huo uwe wa aina iliyothibitishwa kuhimili kuwashwa. Ukikuta meli yenye samani za roshani zisizotimiza masharti hayo, inua macho darini. Lazima pawe na kitambuzi cha moto na mdomo wa kunyunyiza maji hapo hapo kwenye roshani. Sheria inatoa njia hizo mbili, ila mitambo inayokaa kwenye upepo wa chumvi ina matunzo mengi. Hatari inakuja pale mtu anapoleta kiti cha plastiki tupu kutoka dukani bandarini, au fundi anapobadilisha mto uliochakaa kwa sponji yoyote aliyoipata. Hilo likitokea upande wako, liseme.

Taulo na taa je? Taulo linalochuruzika maji si tatizo kubwa la moto leo asubuhi. Likikauka na kupeperushwa hadi roshani ya chini, ambako mtu anavuta sigara kinyume cha amri, ndipo linakuwa kipande cha kitambaa kikavu kilichotua pabaya. Kampuni nyingi zimepiga marufuku sigara kwenye roshani za vyumba, lakini wewe unajua kama mimi kwamba watu hujificha. Taa za mapambo ziondoe bila mjadala: waya unapita mlangoni, mlango unaukata ngozi, na chumvi inafanya yaliyobaki. Sema kwa adabu, eleza sababu, na akikataa mpelekee msimamizi.

Jambo moja hukuuliza nami naliongeza. Mlango wa kioo wa roshani usiachwe wazi chumba kikiwa hakina mtu. Moto ukiwa nje, kioo kilichofungwa kinanunua dakika. Kikiwa wazi, moshi unaingia bila hodi, na mtu akifungua mlango wa ujia upepo unauvuta moja kwa moja hadi kwa watu wanaokimbia.

Ukiona bawaba iliyolika, kitasa kilichozibwa au kiambaza kilichopasuka, usiishie kumwambia mwenzako. Kiandike kwenye daftari au mfumo wa matengenezo, na namba ya chumba na upande, uombe uthibitisho. Mkaguzi akija husoma maandishi hayo kwanza.