Sahihi yangu ya kwanza, na sentensi moja iliyoniponza

"Shikamoo dada. Nasoma matengenezo ya ndege hapa Dar, niko mwaka wa pili. Nimeona umesema sasa unasaini kwa niaba ya serikali ya Marekani. Na mimi nataka. Nianzie wapi? Na mshahara ukoje?"

Marahaba mdogo wangu. Nilikuahidi jibu la mistari mitatu, limekua makala. La mshahara tuliache kwanza.

Ni kweli, mwezi uliopita nilipokea barua kutoka FAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, ikiniteua kuwa mhandisi mwakilishi. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaisoma tena, nikampigia mama Tanga kule kukiwa saa nane za usiku. Kwa asiyejua: FAA haina watu wa kutosha kukagua kila mchoro na kila jaribio la kila ndege mpya. Kwa hiyo huwateua wahandisi walio nje ya serikali, wengine wakilipwa na kampuni zilezile zinazotengeneza, ili wakague na kusaini fomu inayosema kwamba jambo hili limetimiza kanuni hii. Fomu yangu inaitwa 8110-3. Mshahara wangu unatoka kampuni ya viti. Nikishika kalamu juu ya fomu hiyo, natakiwa kusahau anayenilipa.

Naam, viti. Watu wakisikia "uthibitisho wa ndege mpya" wanawaza rubani wa majaribio na bawa linalokunjwa mpaka livunjike. Mambo hayo yapo. Bawa la Boeing 777 lilivunjwa kwa makusudi mwaka 1995, likakatika kwenye asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa linaotarajiwa kukutana nao angani, wakati kanuni inadai 150. Airbus A380 ililazimika kuonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Hamburg, mwaka 2006, walitoka watu 873 kwa sekunde 78. Hilo la mwisho nalipenda mno, kila mgeni akija kwangu lazima nimsimulie.

Lakini hata kiti unachokalia kula korosho kina jaribio lake, na hilo ndilo lililonilea na kunitandika.

Linafanyika hivi. Safu mbili za viti zinafungwa juu ya kigari kilicho kwenye reli. Reli za sakafu zinapindwa kwanza kwa makusudi, moja inainamishwa nyuzi 10 kwa urefu wake, nyingine inalazwa ubavu nyuzi 10, kwa sababu ndege ikianguka sakafu haibaki kama meza ya benki. Wanakalishwa masanamu ya kilo 77 wakiwa wamefunga mikanda. Kisha kigari kinapigwa kwa nguvu ya mara 16 ya uvutano wa dunia. Piga hesabu: sanamu la kilo 77 linavutwa mbele kama vile lina uzito wa karibu tani moja na robo. Yote yanaisha kabla hujapepesa jicho. Halafu inasomwa namba inayoonyesha kichwa kimeumizwa kiasi gani kilipogonga kiti cha mbele. Ikizidi 1,000, kiti kimefeli. Kanuni hii ni ya mwaka 1988. Kabla ya hapo kiti kilipimwa kwa kuvutwa taratibu tu, na katika ajali nyingi abiria walikuwa wanaweza kupona mgongano wenyewe, kisha viti vikang'oka na kuwabana.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Mhandisi mdogo, mwanamke pekee katika kikundi, na Mwafrika pekee katika jengo zima kama ukimwacha mlinzi wa getini, Msomali, aliyekuwa akinisalimia kwa Kiswahili cha Eastleigh. Kiti kilikuwa cha daraja la kati, kina skrini mgongoni. Tukapiga. Namba ikatoka 1,100 na ushee.

Bosi wangu akaja mezani kwangu jioni. Hakufoka. Alikuwa mpole kuliko siku zote, na sasa najua kwamba upole wa namna ile ni wa kuogopa kuliko makelele. Akasema sanamu lazima lilikuwa limekaa vibaya, limeteleza mbele kidogo. Niandike hivyo kwenye ripoti, tuombe kurudia, tusipoteze miezi.

Nikaandika. "Matokeo yameathiriwa na mkao wa sanamu usio sahihi." Maneno manane. Hakuna aliyeupima mkao ule. Mimi mwenyewe nilikuwepo, na kwa macho yangu sanamu lilikuwa limekaa vizuri kama mwali.

Siku ya kurudia alikuja mhandisi wa serikali, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Safari hii mkao ulipimwa mara tatu. Tukapiga. Namba ikapanda kuliko ya kwanza. Yule mzee akafungua ripoti yangu, akaweka kidole juu ya ile sentensi, akauliza vipimo vya mkao wa siku ile viko wapi. Chumba kikawa kimya. Bosi akaanza kuutazama mkanda wa saa yake kana kwamba ameuona leo.

Nikasema, nimeiandika mimi.

Hakuna aliyeniongezea neno, na bosi wangu hakuwahi kufungua kinywa kuhusu jioni ile, hadi leo. Miezi michache baadaye alipandishwa cheo. Mimi nilihamishiwa chumba cha moto.

Chanzo halisi kiligunduliwa baadaye. Kishikizo cha skrini kilikuwa kimebadilishwa, kikawekwa kigumu zaidi kwa sababu skrini zilikuwa zinatetemeka. Badiliko dogo, la maana kabisa. Ila hesabu za kichwa zilikuwa zimefanywa kwa kishikizo cha zamani, na hakuna aliyerudi kuzifungua. Karatasi zilikuwa zinakielezea kiti ambacho hakipo tena.

Nitakuomba ulikumbuke hilo la kishikizo. Nitalirudia.

Kwenye chumba cha moto nilikaa miezi 14. Kazi ni kuchoma mito ya viti: unaukalisha kwenye chumba chenye joto na unyevu maalumu kwa saa 24, unaupima uzito, unauelekezea moto wa mafuta kwa dakika 2, unaupima tena. Ukipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, umefeli. Nywele zangu zilinuka moshi hadi kanisani. Nililia kwenye gari mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini fundi aliyekuwa akiendesha chumba kile, mzee wa Kivietinamu asiyemaliza maneno 20 kwa siku, alikuwa na daftari ambalo aliandika kila kitu, papo hapo, kwa wino. Uzito, saa, nani ameshika mlango. Akikosea hafuti, anachora mstari mmoja na kuandika herufi za jina lake pembeni. Sijafundishwa na profesa yeyote zaidi ya nilivyofundishwa na daftari lile.

Miaka iliyofuata naikata, ilikuwa mikutano.

Tarehe 10 Machi 2019, Jumapili, niliamka nikakuta simu imejaa. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilikuwa imeanguka karibu na Bishoftu, dakika 6 baada ya kuruka. Watu 157 wamekufa, 32 kati yao Wakenya. Ilikuwa Boeing 737 MAX, aina ileile iliyoanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189. Zile hazikuwa ndege chakavu. FAA iliipa aina hiyo cheti Machi 2017. Binamu yangu wa Mombasa aliniandikia mstari mmoja: "Si nyie ndio mnapitisha hizo ndege?"

Nilianza kumjibu kwamba mimi ni wa viti. Nikafuta.

Baadaye yakatoka mambo ya ule mfumo wa MCAS uliokuwa ukiishusha pua ya ndege wenyewe. Ulitegemea kihisi kimoja tu kwa wakati mmoja. Na tathmini ya awali ya usalama ilisema mfumo unaweza kusogeza mkia kwa nyuzi 0.6, wakati ndege iliyopewa abiria ilikuwa ina nyuzi 2.5. Katikati ya kazi ya kuusanifu, nguvu yake iliongezwa, na baadhi ya waliotakiwa kuipima upya walibaki na karatasi za mfumo mdogo. Niliposoma hayo nilikiona kishikizo cha skrini yangu. Kosa ni lilelile, tofauti ni kwamba langu lilivunja sanamu.

Haya, ushauri. Najua ndio uliouomba.

Kwanza, andika ulichokiona, siku hiyohiyo, kabla hujanywa chai. Namba, saa, nani alikuwepo. Ukiwa hukupima, andika kwamba hukupima.

Pili, soma kanuni yenyewe, si muhtasari wa mtu. Kanuni za Marekani za ndege kubwa za abiria, sehemu ya 25, ziko bure kwenye intaneti. Anza na 25.562 ya viti, halafu 25.1309, ile inayotaka hitilafu ya kuangamiza ndege iwe adimu kupindukia, yaani kwa mwongozo wa FAA isizidi moja katika saa bilioni moja za kuruka, na isiletwe na kuharibika kwa kitu kimoja peke yake. Ukiielewa hiyo moja, utauliza maswali ambayo wenye shahada mbili hawaulizi.

Tatu, kitu kikibadilika, karatasi ibadilike. Bolti, rangi, sponji, programu, chochote. Januari 2024 kizibo cha nafasi ya mlango usiotumika kiling'oka kwenye ndege ya Alaska Airlines ikiwa angani baada ya kuondoka Portland. Wachunguzi walikuta bolti 4 za kukishikilia hazikurudishwa kiwandani, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyorekodi kwamba kizibo kilifunguliwa.

Nne, andika. Najua nimeshasema.

Mnaniudhi, vijana wetu, mnapotaka kuruka hadi kwenye sahihi. Kila wiki napata ujumbe wa namna hii, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu kuchoma mito. Mnadhani chumba cha moto ni adhabu. Kwangu kilikuwa adhabu kweli, lakini wewe omba upelekwe bila kukosa kwanza. Na mtu mkubwa akikuletea sentensi iliyopikwa, mwambie aiandike yeye na aweke jina lake. Utaona inavyopoa haraka. Sikulijua hilo nikiwa na miaka 26, na nimelipa.

Jambo lingine, si lazima uje huku. Nchi zetu hazirudii majaribio ya kigari na bawa, kwa kawaida zinapokea cheti cha aina hiyo ya ndege kilichotolewa na wenzao. Air Tanzania ilipopokea 737 MAX 9 mwaka 2023 hakuna aliyevunja bawa pale Kipawa, uwanja wa ndege wa Dar. Lakini mtu wa kuhakikisha kwamba ndege inabaki kama cheti kinavyosema lazima awe wa kwetu. Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa Tanzania kwenye orodha ya kuzuiwa kuruka Ulaya, na sababu mojawapo iliyotajwa ni uhaba wa wataalamu wenye sifa. Wewe uko mwaka wa pili. Hesabu mwenyewe.

Fomu ya kwanza ililetwa mezani kwangu Jumanne iliyopita. Nilikuwa nimenunua kalamu mpya, nzuri, ya dola 40, nacheka mwenyewe nikiandika hapa. Jaribio limefaulu, namba ya kichwa 700 na kitu, kila mtu anatabasamu. Nikafungua ukaguzi wa kulinganisha kiti na mchoro. Mchoro unasema bolti ya mguu wa nyuma ni ya urefu fulani, na iliyopimwa siku ya jaribio ni ndefu zaidi kwa milimita 3. Huenda haina madhara yoyote. Hakuna aliyeandika kwa nini.

Nikairudisha bila kusaini. Meneja wa mradi hanisalimii hadi leo, na kalamu bado iko kwenye kasha lake.

Mshahara nitakwambia kwa simu.